Godauni Moja, Mishahara Miwili

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni karani wa godauni huku Shimanzi, Mombasa. Mwaka jana aliletwa kijana wa rangi ya wenye kampuni, nikamfundisha mimi kupokea mizigo na kujaza daftari. Leo ndiye msimamizi wangu, na kwa mshahara kanipita mbali. Nikiuliza naambiwa, "Hapa hakuna ubaguzi, mbona twala pamoja?" Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yetu, umeuliza habari ya mshahara na cheo, hayo ndiyo yajibiwe. Enzi za mkoloni rangi iliandikwa waziwazi: Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali Afrika Mashariki, mwaka 1948 ilipendekeza mtumishi wa serikali asiye Mzungu apate 3/5 ya mshahara wa Mzungu. Mwaka mmoja nyuma, Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma kudai malipo ya haki. Leo rangi haiandikwi popote, na ndiyo maana kukana ni rahisi.

Basi usibishane kama bosi ana chuki au hana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa rangi na kutaka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa hakubagua, ila wewe kwanza uweke msingi wa dai. Wengi huangukia hapo: hulinganisha vyeo badala ya kazi. Andika nani hupokea kontena, nani hutia saini stakabadhi, nani hushika funguo, zamu ni saa ngapi, elimu na uzoefu wa kila mmoja. Tunza hati zako zote za mshahara.

Kisha andika barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba ngazi za mishahara na vigezo vya kupandishwa cheo; kifungu cha 35 cha Katiba, cha haki ya kupata habari, kinakupa nguvu. Usiombe hati ya mshahara ya mwenzako kwa jina, watajifunika kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Wakinyamaza, nenda chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi, halafu Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ipo hapa Mombasa. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Kwa dhuluma inayoendelea, miezi 12 tangu ikome. Na usitie saini hati yoyote ya kumalizana kabla wakili hajaisoma, kwani inaweza kulifunga dai lako lote.