Kabla chuo hakijanunua sola, zungukeni kampasi usiku na daftari

Wadau, nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya umeme ya chuo kimoja hapa Dar na kila bili ikisomwa kikaoni watu wanarukia sola. Sola naipenda sana, Chuo Kikuu cha Strathmore pale Nairobi waliweka ya kilowati 600 juu ya mapaa yao mwaka 2014 na ni jambo la kuiga kabisa, ila ukiifunga kwenye majengo ambayo umeme unapotea ovyo utanunua paneli nyingi kuliko unazohitaji. Kagueni kwanza. Wakenya waliliweka kwenye kanuni zao za 2012, kwamba sehemu inayotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka lazima ikaguliwe angalau kila baada ya miaka mitatu.

Na ukaguzi hauanzi na mashine za bei mbaya. Sisi tulianza na mita kuu tu. Usiku mmoja wa Jumapili, saa nane, mimi na fundi umeme na mlinzi wa zamu tulisoma mita, tukazunguka lisaa lizima, tukarudi tukasoma tena. Madarasa yamefungwa, ofisi zimefungwa, lakini uniti zilizokwenda kwenye lile lisaa zilikuwa zaidi ya theluthi ya zile za lisaa limoja la mchana wa siku ya kazi. Iliniuma kwa kweli, maana tulikuwa tumetoka kuambiwa hakuna hela ya kununua vifaa vya maabara.

Mlinzi ndo alitupa jibu la kwanza. "Mwalimu, ile pampu ya nyuma ya hosteli haizimagi, maji yanamwagika mpaka alfajiri." Kupanda juu tukakuta floti ya tanki, kile kidude kinachozima pampu maji yakijaa, imekufa. Sasa pampu ya kilowati 7.5 ikizunguka bure masaa sita ni uniti 45 kila usiku, kwa mwezi 1,350, bado hujahesabu maji yenyewe, na floti mpya ni kitu cha kununua dukani siku hiyohiyo. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo, kaeni na walinzi na wadada wa usafi kabla hamjamwita mtaalamu, wao ndo wanajua AC ya ofisi gani inalala inawaka.

Taa sitazisema sana. Tyubu ya zamani ya wati 36 pamoja na balasti yake, kile kidude kinachoiwasha na kudhibiti umeme wake, inakula kama 45, ya LED inayokaa palepale inakula 18, korido yenye tyubu 40 zinazowaka masaa 12 unaokoa karibu uniti 13 kwa usiku. Anzeni na zinazowaka muda mrefu, za stoo ziacheni mpaka ziungue.

AC ndo ngumu kwa sababu inagusa watu. Mtu anaingia na jasho anaweka nyuzi 16 akiamini chumba kitapoa haraka, wakati nyingi za zamani zinapoza kwa kasi ileile, tofauti ni kwamba haitapumzika. Tulipandisha mpaka 24, tukaosha filta na kuziba madirisha yaliyovunjika vioo, malalamiko yakapungua kuliko tulivyotegemea.

Halafu mwambieni mhasibu awaoneshe bili yote, sio jumla tu. Vyuo vikubwa vinalipia pia kVA, yaani kile kilele cha matumizi cha mwezi. Pampu zote na AC zote zikiwaka pamoja saa nane mchana mnalipia hicho kilele hata kama siku zilizobaki mlitulia. Sisi pampu tumezihamishia usiku, na kwenye switibodi tukabadilisha kapasita mbovu, vile vifaa vinavyosaidia kushusha hiyo kVA.

Hosteli msianze na msako wa hita, nawaomba. Mwanafunzi anachemsha chumbani kwa sababu kantini imefungwa mapema na ana njaa, ukimnyang'anya kesho anaunga waya kwenye soketi ya pasi na hapo unaogopa moto sio bili tena. Tulitenga chumba cha kupikia kila ghorofa, kina laini yake na mita yake, na viongozi wa wanafunzi wanabandika uniti za wiki mlangoni.

Sahivi tunafunga mita ndogo jengo kwa jengo, maktaba imeisha, wiki ijayo tunaingia maabara, kuna friji kule za miaka mingi na mlinzi ameshanionesha mbili zinazonguruma usiku kucha hazina kitu ndani.