Muulize mfamasia: "Kalsiamu nameza yote asubuhi, niliyosahau nalipa Jumapili"

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nauza vitenge Kariakoo, nina miaka 43. Miaka miwili iliyopita nilienda India nikafanyiwa ile operesheni ya baipasi ya tumbo ya kupunguza uzito, nilikuwa na kilo 128 sahivi nina 81, presha imeshuka na sukari imetulia, nashukuru Mungu. Shida yangu vidonge. Niliambiwa kalsiamu ni ya maisha, nimeze mara tatu kwa siku, lakini dada mimi dukani naingia saa moja asubuhi natoka giza limeingia, wateja hawaishi, nasahau. Nikaona bora nimeze vyote asubuhi kabla sijatoka, pamoja na vidonge vya damu na multivitamini nimalize kazi, na siku nilizopitiwa nazifidia Jumapili nikiwa nyumbani. Mwezi jana nimepima damu nikaambiwa kalsiamu iko sawa kabisa. Si naweza kupumzika kidogo? Wala siumwi popote. Ila mama yangu alivunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni akiwa na miaka 66, hapo ndo naogopa. (Mama Vitenge, Dar)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hizo kilo 47, si mchezo. Lakini kupumzika hapana, na hicho kipimo cha damu kilichokufurahisha ndo kitu cha kwanza nataka tukiongelee maana kinadanganya watu wengi.

Wewe ni mtu wa biashara utanielewa haraka. Chukulia duka lako halijauza vizuri miezi sita, lakini kila siku ukifungua droo pesa ya chenji ipo, kodi imelipwa, kijana wako wa dukani kapata posho yake. Mtu akichungulia droo atasema biashara inaenda. Kumbe unakula mtaji, marobota stoo yanapungua moja baada ya jingine. Damu ndo droo, mifupa ndo stoo. Karibu kalsiamu yote ya mwili, kama asilimia 99, iko kwenye mifupa na meno, ile kidogo ya kwenye damu mwili hauruhusu ipungue kwa sababu moyo, misuli na mishipa ya fahamu inaitegemea kila sekunde. Ikianza kushuka tu kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, viko shingoni nyuma ya tezi la thairoidi, vinaitwa parathairoidi, vinatoa homoni inayoenda kuchota kalsiamu mfupani kuja kujazia. Kwa hiyo damu inasoma vizuri na mfupa unaliwa kimyakimya, bila maumivu, na ndo maana huumwi popote.

Kipimo cha kuomba ukirudi hospitali ni hiyo homoni yenyewe, wanaiandika PTH, pamoja na vitamini D. PTH ikiwa juu na kalsiamu ikiwa sawa, ujue mwili unachota stoo, yaani mfupani. Vitamini D wengi wanataka ivuke 30 kwenye kile kipimo cha nanogramu. Na kwa kuwa umeshafika miaka miwili, mama alivunjika nyonga na wewe mwenyewe umri wa kukoma hedhi hauko mbali, muulize daktari wako habari ya DEXA, ni picha ya kupima ujazo wa mifupa, unalala tu mashine inapita juu, haiumi. Haipatikani kila mahali lakini Dar huwezi kuikosa.

Sasa kwa nini wewe zaidi ya jirani yako ambaye hajafanyiwa operesheni? Baipasi inaruka kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba, na hapo hapo ndo kalsiamu inanyonywa kwa nguvu zaidi. Kuna utafiti wa San Francisco ulitoka 2015, waliwapima watu kabla na baada ya baipasi, kabla walikuwa wananyonya karibu theluthi ya kalsiamu wanayokula, miezi 6 baadaye ikashuka ikawa kama asilimia 7, na vitamini D zao zilikuwa nzuri tu. Ongeza na kile kifuko cha tumbo ulichobakishiwa kina asidi kidogo sana. Ongeza tena kwamba mifupa yako ilizoea kubeba kilo 128, ukiipunguzia mzigo nayo inajipunguza.

Turudi kwenye vidonge, na hapa nakwambia ukweli, wewe tatizo lako kubwa siyo kusahau. Hata zile siku unazokumbuka kalsiamu haiingii vizuri.

Kwanza utumbo haupokei zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mpigo, ukimeza 1500 asubuhi kubwa lake linaishia chooni. Hiyo Jumapili ya kulipa madeni ndo kabisa, unajipa choo kigumu na gesi bure, deni halijalipwa hata senti. Pili umechanganya na vidonge vya damu, ambavyo ni madini ya chuma, na chuma na kalsiamu vinagombania mlango mmoja, viachanishe angalau masaa mawili. Multivitamini yako kama ina chuma, na nyingi za waliofanyiwa operesheni zinayo, nayo inakaa upande wa chuma.

Tatu soma chupa. Nasimama kaunta kila siku naona watu wanachagua kalsiamu kwa rangi ya boksi na ukubwa wa namba. Ikiandikwa kalsiamu kaboneti 1250 mg, humo kalsiamu halisi ni 500 tu, iliyobaki ni kaboneti. Kwenye aina ya pili, kalsiamu sitreti, ndo ndogo zaidi, kama asilimia 21, kwa hiyo kidonge kinakuwa kikubwa mpaka unashangaa. Unayohesabu ni kalsiamu halisi, na kwa mtu wa baipasi au slivu (ile ya kukata tumbo libaki jembamba) inatakiwa 1200 mpaka 1500 kwa siku, ukijumlisha na ya kwenye chakula. Wale wa operesheni kubwa zaidi ya kugeuza utumbo wanaenda 1800 mpaka 2400, hao wafuate ya daktari wao.

Sitreti ndo inafaa zaidi kwako kwa sababu haihitaji asidi ya tumbo, unaweza kuimeza hata bila chakula. Kaboneti inataka asidi, lazima iende na chakula, na kama bado unameza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, ndo asidi inazidi kupungua (muulize daktari kama bado unaihitaji, usiache mwenyewe). Najua sitreti ni ghali na kuna wakati inaadimika madukani, ukiikosa meza kaboneti katikati ya mlo, kuliko kukaa bila.

Ratiba yako mimi ningeipanga hivi. Ukiamka saa 11 alfajiri, kidonge cha damu na multivitamini, maji. Ukifika dukani ukafungua, saa mbili unapokunywa chai, kalsiamu ya kwanza. Chakula cha mchana, hata kama unakila saa tisa, ya pili. Chakula cha usiku nyumbani, ya tatu. Kama una dawa ya thairoidi niandikie tena maana hiyo inataka kukaa mbali na kalsiamu masaa manne na ratiba yote inabadilika.

Kuhusu kukumbuka, sikwambii ujitahidi, watu wote wanajitahidi. Mimi mwenyewe mfamasia niliwahi kukaa siku nne bila dawa yangu ya presha, kisa nini, niliihamisha kutoka juu ya friji nikaiweka kabatini ili mtoto asiichezee. Macho hayakuiona, kichwa nacho kikaisahau. Kwa hiyo nunua chupa mbili, moja ikae nyumbani pale unapopakulia chakula cha usiku, nyingine dukani kando ya mashine ya EFD, hapo mkono wako unafika mara mia kwa siku. Kule dukani tumia kile kiboksi cha wiki chenye vyumba, siyo chupa, kwa sababu kitakachokusumbua saa nane mchana ni kujiuliza "hivi nimemeza au sijameza?" na kiboksi kinakujibu. Alamu ya simu weka, ila usiizime ukisema ngoja nimalizane na huyu mteja, iache ilie mpaka kidonge kiko mdomoni. Mwambie na kijana wako wa dukani, vijana wanapenda sana kumkumbusha bosi.

Ukipitiwa ya mchana, meza ukikumbuka kama bado yamebaki masaa kadhaa kabla ya ile ya usiku, kama muda wa ya usiku umefika achana nayo. Usizichanganye.

Vidonge peke yake havitoshi, mifupa inataka kazi. Panda ngazi, beba hayo marobota madogo mwenyewe (makubwa mwachie kijana), tembea. Protini isishuke gramu 60 kwa siku, na dagaa unaowatafuna na mifupa yao wanakupa protini na kalsiamu pamoja, maziwa glasi moja ni kama miligramu 300. Na ukisikia ganzi kuzunguka midomo au kwenye ncha za vidole, au misuli inakakamaa, usisubiri toleo lijalo la gazeti, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Assalaam alaykum dadangu. Nilifanyiwa slivu mwaka na nusu sasa, niko Mombasa. Ramadhani hii nataka kufunga yote inshaallah, daktari karuhusu. Kalsiamu mara tatu na kidonge cha damu mara moja nitazipachika vipi usiku mmoja?

JIBU: Waalaykum salaam kakangu. Usiku unatosha ukiugawa. Futari, tuseme saa 12 na nusu jioni, kalsiamu ya kwanza pamoja na chakula. Ukitoka tarawehe, saa tatu hivi, kidonge cha damu na maji au maji ya machungwa, siyo na chai tafadhali, chai inakizuia chuma, najua pwani hilo ni ombi gumu. Saa tano kabla ya kulala kalsiamu ya pili. Wakati wa daku, kalsiamu ya tatu. Kwako wewe sitreti ni bora zaidi maana ile ya saa tano pengine utakuwa huna hamu ya kula. Maji kunywa kidogokidogo usiku kucha, tumbo la slivu halipokei jagi kwa mkupuo, na ukiona kizunguzungu na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, ongea na daktari wako kabla hujaendelea kufunga.

SWALI: Daktari habari, niko Nakuru. Mzee wangu ananikataza hizi kalsiamu za baada ya operesheni, anasema zitaniletea mawe kwenye figo kama shemeji yake. Ni ukweli?

JIBU: Mimi ni mfamasia siyo daktari lakini nzuri tu. Mwambie mzee amepata nusu. Baada ya baipasi mawe ya figo yanaongezeka kweli, ila mengi ni ya oksaleti, kitu kilichomo kwenye spinachi, karanga, chokoleti na chai. Kawaida kalsiamu ya kwenye chakula inaikamata oksaleti humo humo tumboni inatoka nayo. Baada ya baipasi mafuta yasiyonyonywa yanaishika hiyo kalsiamu, oksaleti inabaki huru inaingia kwenye damu mpaka figoni. Kwa hiyo kalsiamu ukiimeza na chakula inakukinga, na ile ya sitreti inasaidia zaidi kwa sababu sitreti kwenye mkojo inazuia mawe kushikana. Maji mengi, na kwa mboga sukuma wiki ina oksaleti kidogo kuliko spinachi na kalsiamu yake inanyonywa vizuri. Kama wewe mwenyewe umeshawahi kupata jiwe, hapo mweleze daktari apime mkojo wa masaa 24 ndo mpange dozi.