Barua kwa mwanangu: nenda mahakamani kabla hujaitwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya juma lililopita nimeisoma mara tatu. Unaeleza kwamba mahakama, ilipovunja ndoa yenu miaka minne iliyopita, ilikuamuru utoe shilingi 250,000 kila mwezi kwa matunzo ya watoto wawili, na kwamba tangu mwezi Machi umepunguzwa kazini na sasa unaendesha bajaji ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Unaniuliza kama unaweza kuomba kiasi hicho kipunguzwe, au umtumie mzazi mwenzako chochote kitakachopatikana mpaka mambo yatengemae. Kuomba unaweza. Hilo la pili usilifanye, mwanangu, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Amri ya mahakama haipungui kwa sababu kipato cha aliyeamriwa kimepungua. Itabaki 250,000 hadi mahakama yenyewe iibadilishe, na kila mwezi utakaotuma 100,000, zile 150,000 zilizosalia zinakuwa deni juu yako. Miezi mitano ya namna hiyo ni shilingi 750,000, na mzazi mwenzako ana haki ya kurudi mahakamani kuomba amri ikaziwe. Siku hiyo utasimama mbele ya hakimu kama mtu aliyekaidi, hata kama ukweli ni kwamba hukuwa nazo.

Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kubadilisha au kufuta amri ya matunzo ya mtoto wakati wowote, ikiombwa na mtu mwenye maslahi, iwapo itaridhika kwamba amri ilitokana na maelezo ya uongo au kosa kuhusu ukweli wa mambo, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Wewe hoja yako ni hiyo ya mwisho. Anza na mahakama ileile iliyotoa amri, na maombi yako yaungwe mkono na kiapo, barua ya kupunguzwa kazi, taarifa ya benki na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha kwamba ulikuwa ukilipa bila kukosa. Ukikwama katika kuandika, watafute wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Soma kila neno la kiapo kabla ya kutia sahihi.

Kiapo hicho ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu nakujua unavyoona aibu kutaja pesa ndogo. Taja pesa ya bajaji, hata kama siku nyingine inaishia kwenye mafuta na hesabu ya tajiri. Taja na kile chumba cha Mbagala unachopangisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo mshahara wa mzazi mwenzako nao utaangaliwa, na huna sababu ya kuficha chako. Ukigundulika umeficha kodi ya chumba kimoja, hakuna atakayekuamini hata kuhusu kazi uliyopoteza kweli.

Kuna jambo ambalo sijawahi kukueleza vizuri. Baba yako na mimi hatukufunga ndoa, nawe ulipokuwa na miaka miwili nilimshtaki ili akutunze. Sheria iliyotumika wakati ule kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, nami nikaamriwa kupewa hizo hizo. Nakumbuka karani akinisogezea daftari nitie sahihi, kisha akanipa noti moja iliyokunjwa mara nne. Kwa mwezi mzima haikufikia bei ya kilo moja ya sukari. Nilipouliza kama naweza kuomba iongezwe kwa kuwa bei zimepanda na wewe umekua, niliambiwa kwamba hakimu hana pa kuipeleka, sheria imefika mwisho. Sheria ile ilifutwa na hiyo ya mwaka 2009, wewe ukiwa mtu mzima tayari. Ndiyo maana siwezi kukulaumu kwa kutaka amri ipimwe upya; mimi niliitamani nafasi hiyo na sikuipata. Lakini nilikuwa upande wa anayengoja, na najua mama anavyohesabu siku za mwezi akiwa na daftari la duka mkononi.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka karatasi, mweleze mzazi mwenzako mwenyewe, uso kwa uso, na umwonyeshe barua ya kazini. Akikubali kiasi fulani, msiishie kushikana mikono. Makubaliano yaandikwe, myatie sahihi wote wawili, yapelekwe mahakamani yaingizwe kuwa amri. Akikataa, usigombane naye, ana haki ya kusikilizwa kama wewe. Na usiombe kushushiwa hadi kiasi ambacho wewe mwenyewe usingeweza kulisha watoto wawili kwacho. Mimi nimejaribu kupiga hesabu ya unga, mafuta ya taa, sare na daladala za shule, nikaona chini ya 150,000 mdogo atabaki nyumbani.

Jumamosi njoo na bahasha yako yote, pamoja na nakala ya hukumu ambayo najua hujui ulipoiweka. Iko kwangu, kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vyako vya shule. Jumatatu asubuhi nitakusindikiza.

Mama yako