Maswali ya Wasomaji: Honi ya Upepo Inayounguza Fyuzi

SWALI: Ndugu mwandishi wa ukurasa wa magari, pokea salamu kutoka Nkuhungu, Dodoma. Nina Toyota Noah ninayosafiri nayo mara kwa mara kwenda Kondoa, na wakati mwingine Iringa kwa njia ya Mtera. Kwa sababu ya ng'ombe na punda wanaovuka barabara, nilinunua honi ya upepo yenye tarumbeta mbili na kompresa yake ndogo, yaani pampu ya umeme inayosukuma hewa. Fundi alikata nyaya za honi ya zamani akaziunganisha moja kwa moja kwenye kompresa. Ililia vizuri kwa siku chache, kisha fyuzi ikakatika. Fundi akaweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa ile ya ampea 10. Sasa honi inalia, lakini nikiibonyeza kwa muda nasikia harufu ya plastiki inayoungua. Je, honi ni mbovu, au imeunganishwa vibaya? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali ichomoe hiyo fyuzi ya ampea 30 leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili, urudishe ya ampea 10 na kuiacha kompresa bila umeme. Honi yako si mbovu. Kilichokosewa ni njia ya umeme, na kosa hilo likiachwa linaweza kuteketeza gari.

Honi ya kawaida ya gari dogo hutumia takriban ampea 3 hadi 5, na kiwanda huipa waya mwembamba unaolingana na kazi hiyo. Kompresa ya honi ya upepo ni mota, na mota hiyo hutumia takriban ampea 15 hadi 20 inapozunguka. Ukichukua ampea 18 kwa volti 12 unapata zaidi ya wati 200, yaani karibu umeme wa kuwasha taa kubwa nne za mbele za wati 55 kila moja, nao unalazimishwa kupita kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya honi ndogo. Fyuzi ya ampea 10 ilipokatika ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Fyuzi huwekwa kuulinda waya, wala haichaguliwi kwa kuangalia kifaa kinataka umeme kiasi gani huku waya ukisahauliwa. Ukiiongeza fyuzi na kuuacha waya uleule mwembamba, waya ndio unaogeuka kuwa fyuzi, na hiyo harufu unayoisikia ni ganda lake linaloyeyuka mahali usipopaona.

Dawa yake ni rilei, ambayo maduka mengi ya vipuri huiuza kwa bei ndogo kuliko honi yenyewe, na mara nyingine huwa imo ndani ya boksi la honi lakini fundi huitupa pembeni ili amalize kazi mapema. Rilei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo sana, chini ya robo ya ampea, ili ifungue njia ya umeme mkubwa unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Kitufe cha usukani kinabaki kutoa amri tu.

Igeuze rilei uangalie miguu yake, utaona namba zimeandikwa pembeni ya kila mguu. Mguu namba 30 upokee waya mnene kutoka kwenye chanya ya betri, wa milimita za mraba 4 ikiwezekana na usiopungua 2.5, na katika waya huo iwekwe fyuzi ya ampea 20, au kiwango kilichoandikwa kwenye boksi la honi, karibu kabisa na betri, isizidi umbali wa shibiri moja. Fyuzi ikiwekwa mwishoni, karibu na kompresa, waya wote ulio kabla yake unabaki bila ulinzi, na ukikwaruzwa na chuma hapo katikati shoti itatokea bila kitu cha kuikata. Mguu namba 87 upeleke umeme kwenye chanya ya kompresa kwa waya wa unene uleule. Hasi ya kompresa ifungwe kwenye bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane, kwa bolti iliyokazwa na kupakwa grisi kidogo kuzuia kutu. Miguu namba 85 na 86 ndiyo inayopokea amri kutoka kwenye nyaya za honi ya zamani. Kama honi yako ya zamani ina nyaya mbili, zipeleke kwenye miguu hiyo miwili. Kama ina waya mmoja tu, kama zilivyo honi nyingi za Toyota ambazo hupata hasi kupitia bodi, peleka waya huo kwenye 86, na 85 uifunge kwenye bodi. Ukiuziwa rilei ya miguu mitano, mguu wa katikati wenye namba 87a uache mtupu, kwa sababu huo una umeme wakati rilei imetulia, na ukiunganisha kompresa hapo honi italia mfululizo hata kabla hujagusa usukani.

Kabla ya kuanza, hasi ya betri ifunguliwe. Baada ya kuunganisha miguu 85 na 86, irudishe hasi na ubonyeze kitufe kabla ya kuunganisha kompresa. Ukisikia rilei inagonga "tik" kila unapobonyeza, amri inafika. Fundi yeyote atakayetaka kufungua usukani ili atafute waya wa honi mzuie, maana humo mna mfuko wa hewa wa usalama, ambao soketi zake kwa kawaida huwa za njano, na hakuna sababu ya kuugusa wakati waya unaohitajika upo mbele chini ya boneti.

Kuhusu mahali pa kuifunga, hali ya hewa ya mkoa wetu inadai uangalifu wa pekee. Kompresa isimame wima, mbali na bomba la moshi, wala isikae nyuma ya tairi la mbele ambako vumbi la barabara za vijijini litaingia kwenye tundu lake la kuvutia hewa. Isizibe rejeta pia, kwa kuwa joto la Oktoba na Novemba hapa Dodoma halihitaji msaada wa kuchemsha injini. Midomo ya tarumbeta ielekee mbele na kuinama kidogo ili maji yatiririke nje. Mpira wa hewa uwe mfupi na usio na mkunjo. Ukikataa kuingia, chovya ncha yake kwenye maji ya moto, utalainika.

Ninakushauri pia usiiondoe honi ya zamani. Iunganishe tena mahali pake, na waya wa kwenda mguu 86 upitishe kwanza kwenye swichi ndogo ya dashibodi, ili mjini usikike kwa honi ya kawaida na honi ya upepo uiwashe ukishatoka nje ya mji. Kupiga tarumbeta za kompresa mbele ya hospitali ya mkoa au shule ni kuwaumiza watu wasio na kosa. Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa kuhusu honi za magari huweka ukomo wa desibeli 112 kwa umbali wa mita 7, na hutaka sauti iwe moja isiyopanda na kushuka. Honi zinazoiga ving'ora usizinunue kabisa, maana ving'ora ni vya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa.

Na kwa ng'ombe, ndugu yangu, honi haichukui nafasi ya breki. Kundi likiwa bado mbali, mlio mmoja mfupi humpa mchungaji muda wa kuliswaga pembeni. Ukingoja ulikaribie ndipo upulize, ng'ombe hushtuka na kutawanyika pande zote, na ndama aliyekwisha kuvuka hurudi barabarani kumfuata mama yake.

SWALI: Mimi ni dereva wa Fuso, napakia alizeti kutoka Singida. Fundi anataka kuchomeka honi kwenye tangi la upepo la breki ili nisinunue kompresa. Je, inafaa? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Upepo wa gari lenyewe unatumika, lakini usichukuliwe kwenye tangi wala mpira wowote unaohudumia breki. Uchukuliwe kwenye tundu la vifaa vya ziada, lililo nyuma ya vali ya ulinzi inayojifunga presha ikishuka, ili honi ikivuja breki zibaki na upepo wake. Dereva anayeshuka mteremko wa Sekenke na mzigo hawezi kugawana upepo wa breki na tarumbeta. Kama lori lako halina tundu hilo, nunua kompresa. Rilei, au vali ya umeme inayoifungulia honi upepo ukibonyeza kitufe, utakayonunua iandikwe volti 24, kwa kuwa ya volti 12 itaungua katika gari lako. Kazi ikiisha, jaza upepo, zima injini, uache gari kwa muda na uangalie geji. Presha ikishuka kuliko ilivyokuwa ikishuka zamani, usiondoke hadi mvujo upatikane.

SWALI: Honi yangu ya upepo hukwaruza baada ya mvua. Je, ninunue nyingine? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Bado. Chomoa mpira, itoe tarumbeta, mwaga maji na matope yaliyoingia, uiache ikauke kivulini. Wakati wa kuirudisha, iinamishe zaidi na ukaze vibano vya mpira. Ikiendelea kukwaruza ikiwa kavu, pima volti kwenye kompresa huku honi ikilia na injini ikiwa imezimwa. Zikiwa chini ya 11 wakati betri ina zaidi ya 12, umeme unapotelea njiani, na mara nyingi ni pale hasi ilipofungwa juu ya rangi au kutu.