Mnauliza, najibu: huyu mkunga anayeitwa konga

Tangu niweke ile picha ya konga, yule samaki mkunga wa Ulaya mwenye umbo la nyoka, inbox imejaa maswali, haya hapa yaliyojirudia zaidi.

Huyo si nyoka kweli?
Samaki kabisa, ana matamvua na anapumua majini. Magamba ndo hana. Ukitaka kumtofautisha na wale mikunga wa kwenye mawe wenye madoadoa, angalia nyuma ya kichwa, konga ana mapezi mawili ubavuni, wale hawana.

Kuna picha ya konga wa futi 20 Uingereza, ni kweli?
Hahaha ile ya Plymouth 2015. Samaki mwenyewe alikuwa wa ukweli, karibu kilo 60, ila urefu ulikuwa kama futi saba, wamemning'iniza karibu na kamera basi magazeti yakapagawa. Konga anaweza kufika mita 3 lakini 20 futi hapana bana.

Mbona mnasema ni wa kilindini wakati wavuvi wanamtoa kwenye meli zilizozama karibu na pwani?
Swali zuri hili. Maisha yake mengi anakaa shimoni, kwenye miamba au meli iliyozama, usiku anatoka kutafuta samaki, kaa na pweza, na wengine wanashuka hadi mita elfu na kitu. Sasa akikomaa ndo mambo yanabadilika, anaacha kula, meno yanadondoka, mifupa inalegea, jike tumbo linajaa mayai mamilioni, anaondoka kwenda kuzaa huko chini sana, inadhaniwa mita 3,000 au zaidi, anazaa mara moja tu na kufa. Hayo ya meno na mifupa tunayajua manake wale wanaofugwa kwenye matangi wanafia mbele ya macho ya watu wakiwa wamevimba mayai, ila huko baharini hakuna aliyewahi kuwaona wakitaga. Na sisi tunamwita mkunga, jina moja na yule wa leba, sijui nicheke au nilie. Watoto wake ni kama jani la plastiki, unaona mpaka upande wa pili, wanaelea na mkondo mwaka au zaidi ndo wanageuka mikunga.

Analiwa?
Sana tu. Galicia, Hispania, mji wa Muxía wanamuanika kwenye fito za mbao karibu na bahari akauke, halafu anauzwa Calatayud, mji ulio mbali kabisa na bahari, zamani walikuwa wanabadilishana na kamba za hempu (nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, si mkonge). Ng'onda wetu tu huyo, kwa jina la Kihispania. Angalizo moja, damu yake mbichi ina sumu, usiiguse ukiwa na kidonda na usiipeleke machoni, moto wa jikoni unaimaliza.

Kwetu yupo?
Huyo wa Ulaya hapana, anaishia Senegali. Ila ndugu yake yupo Bahari ya Hindi, huku kwetu kwenye matumbawe na nyasi za bahari, mdogo zaidi, maji mafupi, na yeye anawinda usiku. Wa Tanga aliyeuliza kuhusu "nyoka wa kijivu" aliyemuona akipiga tochi, kama alikuwa na mapezi ubavuni basi huenda ndo huyo.