Gitaa halishiki tyuni baada ya kubadili unene wa nyuzi: anza na nati, funguo ziache kwanza

Mkuu, usinunue funguo mpya bado, yaani vile vya kukazia nyuzi kichwani mwa gitaa. Umesema gitaa lako ni la aina ya Stratocaster, lilikuja na nyuzi za 9-42 (unene wa uzi wa kwanza na wa sita kwa elfu za inchi), ukaweka 11-49 ili upate sauti nene ya solo za dansi. Sasa briji, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, imenyanyuka nyuma, nyuzi ziko juu, na kila ukibendi uzi wa tatu, yaani ukiusukuma pembeni ili sauti ipande, unarudi sauti ikiwa imeshuka. Fundi akakwambia funguo zimechoka. Kwa maelezo hayo mimi naona funguo zako ni nzima, na ukizibadili pesa itaondoka na tatizo litabaki palepale.

Mimi napiga rizimu kwenye bendi hapa Dar, na siku za kazi natengeneza magitaa, mengi yakiwa ya vikundi vya kusifu na kuabudu. Karibu kila anayeniletea gitaa lisiloshika tyuni anashuku funguo, na namwelewa, maana ndizo anazozishika kila siku. Lakini ufunguo wa gitaa una gia ya skrubu ndani. Wewe ukizungusha, uzi unavutwa. Uzi wenyewe hauna uwezo wa kuizungusha ile gia kurudi nyuma. Ufunguo ukilegea, mara nyingi ni bushi yake ya mbele inataka kukazwa kwa spana, au kile kiskrubu cha nyuma. Hiyo ni kazi ya dakika chache na haina gharama.

Jipime hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Tyuni uzi wa tatu mpaka uwe noti ya G sawasawa. Ubendi kwa nguvu kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), uachie, kisha uupige ukiwa wazi. Umeshuka? Sasa bonyeza kwa kidole kile kipande cha uzi kilicho kati ya nati na ufunguo, mara moja tu, halafu upige tena. (Nati ninayosema ni kile kipande cha plastiki au mfupa kilichopo juu ya shingo, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi.) Kama sauti imepanda ikarudi karibu na ilipokuwa, basi uzi ulinasa kwenye nati. Ulipobendi, sehemu ya uzi ilitoka upande wa ufunguo ikapita kwenye mfereji kuja upande wa freti, na ulipoachia ikashindwa kurudi. Ukishusha mkono wa tremolo, kile kijifimbo cha kwenye briji cha kuyumbisha sauti, mambo yanageuka: uzi unalegea, unavutwa kuelekea ufunguo, unanasa huko, na ukirudisha mkono unakuta sauti imepanda. Gitaa linaloshuka baada ya kubendi na kupanda baada ya tremolo lina nati inayobana.

Dalili nyingine utaisikia kwa masikio yako. Unakaza ufunguo, sindano ya tyuna haisogei, unakaza tena, haisogei, kisha "tik!" inaruka na kuipita noti. Huo mlio ni uzi uliokuwa umeshikwa na mfereji ukaachiwa ghafla. Wengi wakiusikia ndipo wanapoamini kwamba ufunguo umekufa.

Nati yako ilichongwa kiwandani kwa ajili ya seti ya 9-42. Uzi wa tatu wa seti ile una unene wa inchi 0.016, huu wako mpya ni 0.018. Uzi wa sita umetoka 0.042 ukaenda 0.049. Kwa macho huoni tofauti, ila mfereji unaiona vizuri sana, na uzi mnene unakaa umebanwa kuta mbili badala ya kulala chini.

Dawa ni kupanua mifereji, na hapa naomba uwe na subira kuliko popote pengine. Kwanza isafishe: vumbi letu la hapa likichanganyika na jasho na kutu linatengeneza utando mweusi mle ndani ambao peke yake unatosha kunasa uzi. Kwa nyuzi za kusokotwa, yaani wa nne hadi wa sita, chukua kipande cha uzi wa zamani wa kusokotwa wenye unene sawa na ule mpya, uuvute mbele na nyuma ndani ya mfereji. Mikunjo yake yenyewe ni tupa tosha kwa nati ya plastiki. Kwa uzi wa tatu kunja msasa laini namba 600 mara mbili utumie ukingo wa mkunjo. Kwa wa kwanza na wa pili msasa usiokunjwa unatosha. Elekeza mkono ushuke kidogo upande wa funguo, ili uzi uwe na sehemu moja tu ya kuegemea, nayo ni ukingo wa mbele unaotazama freti. Unatanua kuta, hushuki chini. Kila baada ya misuguo michache rudisha uzi, tyuni, sikiliza kama "tik" bado ipo.

Kipimo cha kina ni hiki: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Iwepo, lakini ndogo sana, kama unene wa karatasi. Ikiwa uzi umelala kabisa juu ya freti ya kwanza, umechimba mno, na uzi ukipigwa wazi utakwaruza. Kama nati yako ni ya mfupa, msasa utakuchosha. Hapo mtafute mwenye tupa zenyewe za nati.

Ukimaliza, chonga penseli laini, 2B ikipatikana, upake unga wake mweusi ndani ya kila mfereji na pale chini ya kile kibanio kinachoshusha nyuzi za kwanza na za pili kichwani. Fanya hivyo kila ukibadili nyuzi. Mafuta ya cherehani usiweke, yanakusanya vumbi.

Sasa briji. Noti ni ileile na urefu wa uzi ni uleule, inchi 25.5 kwa magitaa ya aina hii, kwa hiyo uzi mzito lazima uvutwe kwa nguvu zaidi ili ufike kwenye noti. Seti ya 9-42 kwa tyuni ya kawaida inavuta jumla ya kama kilo 38. Seti ya 10-46 inavuta kama kilo 47. Hiyo 11-49 yako inapita 50. Kwa maneno mengine umelibebesha gitaa zaidi ya kilo 10 ambazo halikuzizoea. Nyuma ya gitaa, chini ya kile kifuniko cha plastiki, kuna springi zinazovutana kamba na nyuzi, na briji ndiyo alama ya katikati. Upande wa nyuzi umeongezewa watu, upande wa springi haujaongezewa, ndiyo maana briji imeinuka na nyuzi zikainuka nayo.

Fungua kifuniko. Huenda utakuta springi tatu. Ongeza ya nne, au kaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshika kibati cha springi, nusu mzunguko kila moja, kisha tyuni nyuzi zote sita upya, uangalie briji imekaaje. Rudia. Usitegemee kupatia kwa mara moja, kwa sababu kila ukikaza springi nyuzi zote zinapanda, na ukizishusha briji inasogea tena. Kama unautumia mkono wa tremolo, iache briji imeinuka nyuma kama milimita 3. Kama huutumii, na kwa dansi au sebene sioni unautumia wapi, kaza mpaka briji ilale kabisa juu ya mbao. Hili nalisisitiza kwa wapigaji wa makanisani na wa bendi: briji ikiwa inaelea, uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mvuto unapungua, springi zinairudisha briji nyuma na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda. Huwezi kumaliza wimbo. Briji iliyolala inakuacha na nyuzi tano zilizo sawa. Tena ukibendi uzi mmoja huku mwingine umeushikilia, ule wa pili hautashuka.

Shingo nayo inapinda mbele kwa ule mzigo. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, upime nafasi iliyopo juu ya freti ya 7 au ya 8. Robo milimita hivi inatosha. Fila geji ileile ambayo mafundi wa magari wanapimia valvu ndiyo ninayotumia, na mtaa wa Gerezani hapa Dar zinapatikana. Ikizidi, legeza nyuzi kidogo, kaza nondo ya ndani ya shingo kwa robo mzunguko kuelekea kulia, tyuni, uiache mpaka kesho ndipo upime tena. Ikigoma, usiilazimishe. Nondo ikikatika umepoteza shingo.

Mwisho kabisa, baada ya hayo yote na si kabla, ndipo usawazishe sauti ya freti ya 12. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza), kisha bonyeza uzi palepale upige noti. Noti ikiwa juu kuliko hamoniki, sogeza kikalio cha uzi huo kwenye briji kirudi nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele kuelekea shingo. Ukikuta seti mpya kabisa ambayo hailingani hata ukisogeza kikalio mpaka mwisho, shuku nyuzi zenyewe. Nyuzi za bandia zipo mjini, zimefungwa kwenye pakiti inayofanana na halisi, na unene wake haulingani kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho. Nimeshazitoa kwenye magitaa ya watu waliokuwa wamekata tamaa na magitaa yao.

Kuhusu kufunga nyuzi: mizunguko miwili au mitatu kwenye nguzo ya ufunguo, ikishuka chini bila kupandana. Mizunguko kumi ya uzi wa kwanza inaendelea kujikaza yenyewe jukwaani na kila ikijikaza sauti inashuka. Ukishafunga, uinue kila uzi kwa vidole taratibu kutoka kwenye mbao, tyuni, inua tena, mpaka uache kushuka. Na tyuni kwa kupanda siku zote. Ukipita noti, shuka chini yake kisha panda, la sivyo gia inabaki na nafasi na uzi utaijaza wenyewe mara ya kwanza ukiupiga kwa nguvu.

Hali ya hewa yetu usiisahau. Wakati wa masika mbao zinanyonya unyevu, shingo inabadilika. Gitaa likitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, chuma kinatanuka na nyuzi zinashuka. Fika mapema, litoe kwenye begi, liache likae jukwaani ndipo utyuni. Usiliache kwenye buti la gari jua likiwaka. Futa nyuzi kwa kitambaa cha pamba kila ukimaliza kupiga, maana kwa jasho na upepo huu wa bahari kutu inaanzia upande wa chini wa uzi, usioonekana.

Ushauri wangu kwa jumla ya mambo yako: toa hiyo 11-49, weka 10-46. Sauti nene haiji kwa unene wa nyuzi peke yake. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatika ncha za vidole viwili kiwandani, akalazimika kutumia nyuzi nyembamba mno, na gitaa lake ni kati ya yenye sauti nzito kuliko yote. Solo ya dansi inapigwa juu kwenye shingo, haraka, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja. Uzito wake unatoka mkononi, jinsi unavyolishika piki na mahali unapoupiga uzi. Vidole vilivyochoka kwenye wimbo wa dakika kumi havitoi sauti nzuri. Nyuzi za 11 ningekushauri kama bendi yenu inashusha tyuni kwa nusu toni au toni nzima kumfuata mwimbaji. Hapo zina faida ya kweli, kwa sababu mvuto unapungua kwa takriban asilimia 11 kwa kila nusu toni. Ndiyo maana 10-46 iliyoshushwa toni nzima inakuwa mkononi karibu sawa na 9-42 ya kawaida.

Ukihamia 10 bado nati itahitaji kuguswa, ila kidogo, na huenda springi ya nne hutaihitaji. Fanya kile kipimo cha kubonyeza uzi nyuma ya nati kwanza, uje useme sauti imepanda au imebaki, na nati yako ni ya plastiki au ya mfupa. Nitakuelekeza kuanzia hapo.