Maswali ya Wasomaji: Chozi la Mchawi na Hasira za Watazamaji

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Hivi karibuni nilikaa na mama yangu mzazi kutazama Oz the Great and Powerful, filamu ya mwaka 2013 inayosimulia mambo yaliyotokea kabla ya yale ya The Wizard of Oz. Mimi niliipenda tangu mwanzo. Mama, ambaye filamu ya zamani ameihifadhi kichwani neno kwa neno, alitazama kimya mpaka pale mdogo wa wale dada wawili wachawi alipouma tofaa na kugeuka mchawi wa kijani. Hapo akainuka, akasema, "Wamemharibu," akaenda zake wala hakurudi. Baadaye niligundua kwamba wako wengi wenye hasira kama yake. Je, huu ni ukaidi tu wa watu wanaopenda vya zamani, au kuna jambo ambalo mimi sikuliona?

JIBU: Dada yangu, lichukue neno la mama yako kama alivyolitamka. Hakusema kwamba filamu imeharibika, wala hakulalamikia rangi au waigizaji. Alisema wamemharibu mtu, na mtu huyo ni Mchawi Mwovu wa Magharibi. Kwa maoni yangu aliligusa hasa jambo lililowaumiza watazamaji wengi wa rika lake, hata wale ambao hawakuweza kulieleza.

Kwanza tukumbuke jinsi filamu ya zamani ilivyoingia katika maisha ya watu. Ilitolewa Agosti 1939, na ingawa ilipendwa, gharama zake zilikuwa kubwa mno hata haikuleta faida mpaka ilipooneshwa upya kwenye majumba ya sinema mwaka 1949. Kilichoifanya kuwa mali ya kila familia nchini Marekani ni televisheni: ilioneshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1956, kisha kuanzia mwaka 1959 ikawa inarudi kila mwaka, na watoto wakawa wanaingoja kama wanavyongoja sikukuu. (Wengi wa watoto hao wa mwanzo walikuwa na televisheni za rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ule mlango maarufu unaofunguka kutoka Kansas yenye rangi ya udongo kuingia nchi yenye kila rangi, wao waliuona ukifunguka kutoka weusi kuingia weusi, na bado waliipenda.) Mtu aliyeitazama filamu mara ishirini kabla hajafika utu uzima hawezi kuipokea hadithi mpya ya wahusika walewale kama mgeni anavyoipokea. Anawajua wahusika hao kama jamaa zake.

Sasa huyo mchawi. Margaret Hamilton, aliyemwigiza, anaonekana kwa dakika kama 12 tu katika filamu nzima, lakini mwaka 2003 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilipowapanga waovu wakubwa wa sinema za nchi hiyo, ilimweka wa nne. Watu husahau kwamba katika dakika hizo chache ana sababu zake za kukasirika. Nyumba ya Dorothy, yule msichana wa Kansas aliyeletwa na kimbunga katika nchi ya Oz, imeanguka kutoka angani ikamuua dada wa mchawi, na kabla hajamaliza kuuliza nani amefanya hivyo, viatu vya marehemu, ambavyo kwa haki angevirithi yeye, vimehamia miguuni mwa msichana mgeni. Ana msiba, na ana urithi ulioporwa mbele ya macho yake. Hadithi haimwonei huruma, lakini imempa uzito wake mwenyewe, na hasira yake haitokani na mwanamume yeyote.

Filamu ya 2013 ilimpa sababu nyingine. Theodora, kama alivyoitwa humo, anakutana na Oscar Diggs, mwanamazingaombwe wa sarakasi aliyeletwa na kimbunga kutoka Kansas ya mwaka 1905. Wanacheza dansi usiku mmoja kando ya moto, na asubuhi binti huyo tayari anajiona malkia wake. Bwana huyo anampa kisanduku cha muziki na kumwambia kilikuwa cha bibi yake, nasi tumekwisha kumwona akimpa msichana mwingine kisanduku kama hicho kwa maneno yaleyale. Baadaye dada yake mkubwa, Evanora, anamwonesha katika tufe la kioo jinsi Oscar alivyo na Glinda, mchawi mwema. Theodora analia, na machozi yanayoteremka yanamchoma mashavu na kuacha makovu. Picha hiyo ya machozi ni nzuri sana, maana inatukumbusha kwamba siku moja ndoo ya maji itamyeyusha. Lakini ubora wa picha hauondoi udogo wa sababu: mwovu aliyewatisha watoto kwa miongo mingi amefanywa msichana aliyeachwa na mpenzi wa siku moja, na hilo ndilo lililomwinua mama yako kitini.

Mimi nina lalamiko jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi. Hadithi inayosimulia ya kabla haiishii kujieleza yenyewe. Hurudi nyuma na kuigusa ile tunayoijua. Katika filamu ya 1939, mwanamazingaombwe huyohuyo, sasa mzee, anamwagiza Dorothy akamletee ufagio wa mchawi ndipo amsaidie kurudi nyumbani. Anamtuma mtoto kwenye hatari ya kufa. Hapo awali tulimwona ni mwoga anayejificha nyuma ya pazia, tukamsamehe. Ukizitazama filamu hizi mbili kwa mfululizo, unaona mwanamume akimtuma mtoto kummaliza mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemjeruhi. Watengenezaji wa 2013 walilifungua deni hilo, kisha wakajifanya hawalioni. Mwishoni Oscar anamwita Theodora, anamwambia kwamba akipata tena wema moyoni mwake atakaribishwa arudi, naye anaruka na kutoweka kwa hasira. Baada ya hapo filamu inagawa zawadi na kusherehekea. Mtu aliyetoa kisanduku cha muziki cha uongo hadaiwi chochote, wala haombi radhi.

Hata hivyo, sitaki ujute kwa kuipenda, maana kuna sehemu ambayo inastahili kupendwa bila masharti. Mwanzoni, Kansas, binti aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anaamini kabisa kwamba Oscar ana uwezo wa kweli, na anamwomba amfanye atembee. Oscar anabaki amesimama jukwaani, ujanja wote umemwishia. Baadaye, upande wa pili wa kimbunga, anamkuta mwanasesere wa kauri katika kijiji kilichovunjwavunjwa, miguu yake imekatika na imelala pembeni. Anatoa chupa ya gundi, anaichukua miguu ile mmojammoja, anaipachika taratibu, kisha anamshika mikono ajaribu kusimama. Hakuna uchawi wowote hapo, ni gundi tu na subira. Mwigizaji Joey King ndiye binti wa Kansas na ndiye sauti ya mwanasesere. Laiti filamu nzima ingeandikwa kwa moyo ulioandika matukio hayo mawili, mama yako angekaa mpaka mwisho.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba filamu ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 200 na ikakusanya zaidi ya dola milioni 490 duniani. Hizo ni fedha za watu walioingia ukumbini. Haziwezi kutuambia walitoka na nini moyoni.

SWALI: Mbona katika filamu hiyo ya 2013 hatuoni vile viatu vyekundu? Nilivingoja mpaka mwisho, nikahisi nimedanganywa.

JIBU: Hukudanganywa, ndugu yangu, sheria ndiyo iliyowazuia. Kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, ambacho hadithi hizi zote zilitokana nacho, hakina tena mwenye haki ya kukizuia, kwa hiyo yeyote anaweza kuitumia barabara ya matofali ya manjano na Mji wa Zumaridi. Lakini ndani ya kitabu viatu ni vya fedha. Waliovigeuza kuwa vyekundu ni watengenezaji wa filamu ya 1939, ili ving'ae katika mfumo mpya wa rangi, na haki za filamu hiyo ziko kwa kampuni nyingine, si Disney waliotoa hii ya 2013. Hata ngozi ya kijani ya mchawi ilianzia kwenye filamu ya zamani, ndiyo maana kijani cha Theodora kilibidi kitofautiane na kile cha Margaret Hamilton.

SWALI: Mimi ni mzazi wa watoto wawili wa shule ya msingi. Wenzao wanaisifu Wicked ya mwaka 2024, ambayo nayo inasimulia ya kabla ya Dorothy. Kwa nini hii imependwa hata na wapenzi wa filamu ya zamani, wakati ile ya 2013 iliwagawa? Na je, nianze kuwaonesha ipi?

JIBU: Mama, sababu moja iko wazi: Wicked haikuja kwa watu kama ngeni. Kilianza kitabu cha Gregory Maguire mwaka 1995, ikafuata tamthilia ya muziki kwenye Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2003, na filamu ya Jon M. Chu ilipofika Novemba 2024 ilikuta watu waliokwisha kuzijua nyimbo zake kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzozo mkubwa uliotokea kwenye kumbi za Marekani haukuhusu hadithi. Ulihusu watazamaji walioshindwa kujizuia kuimba pamoja na waigizaji wake wakuu, Cynthia Erivo na Ariana Grande, huku wenzao wakitaka kusikiliza, mpaka siku ya Krismasi yakaanzishwa maonesho maalumu ya kuimba pamoja. Watu hawagombani juu ya kuimba filamu wasiyoipenda.

Sababu ya pili ndiyo ninayoiona kubwa. Wicked nayo ilimgusa mchawi wetu, tena kwa ujasiri zaidi, kwa kuwa ilimpa jina, Elphaba, ikamfanya mtu mwema anayesingiziwa. Lakini haikumpunguza. Anakasirika kwa sababu wanyama wenye akili wananyang'anywa sauti zao, na mwanamazingaombwe, ambaye alimtegemea awasaidie, ndiye aliye nyuma ya dhuluma hiyo. Lile deni ambalo filamu ya 2013 ililiruka, hii imelitaja kwa mdomo na kumwonesha mdaiwa. Mtu akirudi kuitazama ile ya 1939 baada ya Wicked, mzee wa nyuma ya pazia anamtia shaka, na mchawi anazidi kuwa mkubwa machoni pake.

Kwa watoto wako, anza na ya 1939, hata kama watalalamika kwamba ni ya zamani. Wavumilie mpaka ule mlango ufunguke. Kaa karibu nao mchawi anapotokea kwa moshi mwekundu, maana bado anatisha. Kisha waoneshe Wicked, ila ujue ni ndefu, dakika 160, na inasimulia nusu ya kwanza tu; nusu ya pili ilitoka Novemba 2025. Ile ya 2013 waitazame mwisho, na mwanasesere atakapounganishwa miguu, usiwaharakishe.